Maswali Yenu: Maji, Mchanga na Kasa wa Msimbati

Barua za safari hii nyingi zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinazunguka sehemu moja: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2000. Ina kilomita za mraba 650, ambazo karibu 430 ni maji na zinazobaki ni nchi kavu yenye vijiji, Msimbati kikiwemo, minazi, mikoko na vilima vya mchanga. Kwa kuwa watu wanaishi ndani yake, maswali ni ya mgeni anayekuja kuogelea, na pia ya mwenyeji ambaye bahari ndiyo shamba lake. Tumechagua saba.

*

Nafundisha sekondari Newala. Nataka kuwaleta wanafunzi 40 Msimbati kwa siku moja, waone matumbawe, kaa na mikoko kwa macho yao. Nichague siku gani, na nifike saa ngapi? Mwaka jana shule jirani ilifika ikakuta maji yamejaa hadi kwenye minazi, wakaishia kula wali na kurudi.

Mwalimu, panga safari kwa mwezi wa angani, usiipange kwa Jumamosi iliyo wazi kwenye ratiba. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi, huja mara mbili kwa mwezi, siku chache baada ya mwezi kuandama na siku chache baada ya mwezi mpevu. Ukifuata kalenda ya Kiislamu, ni mwezi 1 hadi 3 (yaani tarehe za mwezi huo wa angani), kisha 15 hadi 17. Siku hizo maji hukupwa mbali sana, na katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata, kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kufikia mwezi 8 au 22 yamekuwa maji mafu: kupwa kumesogea hadi karibu saa kumi alasiri, na hata hapo bahari haitoki mbali. Shule hiyo jirani huenda ilikwenda bamvua ikafika alasiri, saa ambayo maji yako juu kabisa.

Basi chagua mwezi 2 au 16, uwe ufukweni saa tatu asubuhi. Shuka na wanafunzi wakati maji bado yanatoka, na uanze kuwarudisha mara yanapogeuka. Hapa ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua siku ambayo tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3.6, jambo la kawaida kwa bamvua. Saa ya kwanza baada ya kupwa bahari hupanda sentimita 30 tu, ukaona una nafasi. Saa ya pili ni sentimita 60. Saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 90 kila moja, yaani kiuno cha mwanafunzi ndani ya saa moja. Tena maji hayaanzii mbele yako. Huanza kuingia kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kati ya fungu la mchanga na ufukwe. Darasa linaloshangaa jongoo bahari kwenye fungu linaweza kugeuka likakuta mto. Mwalimu mmoja abaki ufukweni na filimbi, kazi yake iwe kuangalia vijito hivyo peke yake.

Miezi mizuri ni Septemba hadi Novemba, kusi, upepo wa kusini, ikiwa imetulia na mvua hazijaanza. Juni hadi Agosti upepo huchafua maji, na kuanzia Desemba hadi Aprili njia huteleza. Andika barua ya shule kwa ofisi ya hifadhi mapema, utaje idadi ya wanafunzi na walimu, na uulize kiwango cha kiingilio cha wakati huo. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo utakayopewa na utembee na stakabadhi. Kila mtoto avae raba au makubadhi ya soli ngumu. Ndala huchomoka kwenye tope la mikoko, na wembe wa chaza hauna huruma na mguu mtupu.

*

Nina Noah. Nimesikia kutoka Msimbati kwenda Ruvula unaweza kupita ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Je, nitafika?

Huenda ukafika, ndugu, lakini tunakusihi usipite ufukweni, na sababu yetu si gari lako tu. Kasa hutaga juu ya mstari wa maji makuu, pale pale dereva anapopandia anapokimbia mchanga laini wa chini. Gari likipita hukandamiza mchanga juu ya mayai. Alama za matairi zenye kina cha sentimita 15 kwa mtoto wa kasa ni handaki: huingia, akashindwa kupanda ukingo, akaendelea kutembea ndani yake sambamba na bahari mpaka kaa au kunguru wamkute. Ipo njia ya ndani kupitia minazini. Ulizia getini hali yake siku hiyo, kisha uifuate.

Njia hiyo nayo ni mchanga mtupu, na Noah ya kuvuta tairi mbili iko chini mno. Iache Msimbati, upande bodaboda au gari linalovuta tairi zote nne. Kwa wenye gari la namna hiyo, jambo la kwanza ni upepo. Tairi la lami lenye upepo wa 35 lishushe hadi 18 kabla ya kuingia mchangani. Tairi hulala, likakanyaga eneo kubwa zaidi, gari likaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Usishuke chini ya 15, maana ukikata kona kwa nguvu tairi lisilo na tyubu huchomoka kwenye rimu. Ingiza gia nzito kabla hujahitaji, nenda mwendo mmoja, usikanyage breki. Ondoa mguu tu, mchanga utakusimamisha. Asubuhi mchanga una umande na umeshikana. Kufikia saa saba mchana umekauka, ni mgumu kupitika maradufu.

Gari likianza kuzama, toa mguu papo hapo. Kosa la wengi ni kukanyaga mafuta: tairi huchimba mpaka difu inakaa juu ya mchanga, na hapo hata watu kumi hawalisogezi. Chimba mbele na nyuma ya kila tairi, ondoa mchanga chini ya difu, lalisha makuti mabichi kwa urefu chini ya matairi, kisha rudi nyuma kwa njia uliyojia kwa sababu imeshashindiliwa. Ukihitaji jeki, iwekee ubao wa angalau sentimita 40 kwa 40, la sivyo itazama yenyewe gari likibaki pale pale. Jaza upepo kabla ya kurudi lami. Tairi laini kwenye mwendo wa 80 hupata moto na kupasuka. Jioni hiyo hiyo osha chini ya gari kwa maji baridi ya kisima, uanzie kwenye mabomba ya breki.

*

Nakaa Msimbati. Alfajiri nimekuta njia ya kasa imepanda hadi kwenye majani na kurudi baharini. Vijana wanasema tuyafukue mayai tuyahifadhi nyumbani yasiibiwe. Ni sawa?

Hapana, yaacheni. Mmefanya vema kuuliza kabla ya kushika jembe.

Kwanza someni njia yenyewe. Kasa wa kijani huvuta mikono yote miwili kwa pamoja, kwa hiyo alama za kushoto na kulia zinalingana, na njia ina upana wa karibu mita moja. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, ni mdogo, hutembea kwa kupishanisha mikono, njia yake ni nyembamba na alama zimepishana. Kama juu pana shimo pana na mchanga uliorushwa nyuma, huenda ametaga. Kama amepanda, akapinda tu na kurudi, pengine taa au mbwa alimtisha, naye atajaribu tena.

Mayai ya kasa si ya kuku. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza juu ya ganda kwa ndani. Ukiligeuza yai baada ya hapo unakivunja, na yai linaoza bila wewe kuona chochote kwa nje. Kiota huhamishwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni kuwa kipo chini ya mstari wa maji makuu na bamvua litakifunika. Hata hapo kazi hiyo hufanywa na watu waliofundishwa, ndani ya saa za mwanzo, yai likishikwa vile vile lilivyolala, na shimo jipya likichimbwa kwa kina na umbo lile lile. Chumba cha nyumbani hakina joto wala unyevu wa mchanga. Joto nalo lina kazi yake: karibu nyuzi 29 watoto huwa mchanganyiko, likizidi hapo huwa wengi wa kike, likipungua wa kiume.

Toeni taarifa kwa ofisi ya hifadhi au uongozi wa kijiji leo hii, muandike tarehe. Kasa wa kijani hutaga mayai kama 110 kwa kiota, na hutotoa baada ya siku 50 hadi 65. Kwa siku hizo futeni alama za njia kwa tawi la mnazi ili mwizi asione, fungeni mbwa usiku, na msiwashe moto wala taa upande wa bahari. Watoto hutoka usiku, mchanga ukishapoa, na hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao ufukweni penye giza ni bahari. Balbu moja ya duka inatosha kuwapeleka barabarani.

Siku wakitoka, wapeni njia tu. Msiwabebe kwenye ndoo kwa huruma. Mtoto wa kasa ana akiba ya kiini cha yai ya kumtosha kuogelea mfululizo siku ya kwanza mpaka avuke mawimbi, na akiwekwa kwenye ndoo ya maji anaogelea humo humo mpaka akiba iishe. Halafu mama yao huyo huenda akarudi ufukwe huo baada ya wiki mbili kutaga tena. Kwa msimu mmoja kasa hutaga mara kadhaa, kisha hupumzika miaka miwili hadi minne. Tazameni.

*

Nyama ya kasa ikichemshwa sana na kumwagwa maji ya kwanza, sumu si inatoka? Wazee wetu walikula. (Lindi)

Haitoki. Sumu hiyo hutokana na baadhi ya vyakula anavyokula kasa baharini, hujikusanya mwilini mwake, na moto hauiharibu kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Kasa mwenye sumu na asiye nayo hawatofautiani kwa sura, harufu wala ladha, ndiyo maana wengine walikula wakapona. Ng'amba ndiye hatari zaidi. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula kasa, wanane kati yao wakiwa watoto. Novemba 2021 walikufa saba huko huko Pemba. Sumu hupita pia kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha, na mtoto huweza kufa mama akapona. Dawa maalumu ya kuipinga hakuna. Aliyekula akaanza kutapika, kuwashwa koo au kusinzia apelekwe hospitali mara moja, pamoja na wote waliokula sufuria moja, hata wasiojisikia kitu. Na kumvua kasa ni kosa kisheria nchini kote, ndani ya hifadhi na nje.

*

Mimi ni fundi ujenzi. Mteja ana kiwanja karibu na bahari, anataka tuchote mchanga wa ufukweni kwa ajili ya zege na lipu kwa kuwa ni mweupe, safi na wa bure. Nimwambieje?

Mwambie, fundi, kwamba nyumba yake itaulipia. Chumvi iliyo kwenye mchanga huo huingia ndani ya zege mpaka kwenye nondo na kuvunja ule utando unaoikinga. Nondo ikipata kutu huvimba, zege likapasuka kwa kufuata mstari wa nondo, kisha vipande vinabanduka. Utaiona kwanza kwenye kingo za nguzo na chini ya linta. Kwenye lipu chumvi huvuta unyevu wa hewa ya bahari, hivyo ukuta hutoa unga mweupe na rangi hubanduka kila baada ya masika. Kuuosha inawezekana, ila unahitaji maji baridi mengi mno, na pwani maji hayo yana bei kuliko lori la mchanga wa bara.

Punje zenyewe ni tatizo la pili. Mchanga wa vilima umechambuliwa na upepo, punje zote ndogo na za ukubwa mmoja, za mviringo. Zege linataka punje kubwa na ndogo, ndogo zikijaza nafasi za kubwa. Ukitumia mchanga wa kilima, nafasi hizo zinajazwa na saruji, na faida ya kuupata bure imekwisha hapo.

Nunua mchanga kutoka machimbo yaliyoruhusiwa na uupime mwenyewe. Jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji yenye kijiko cha chumvi ya jikoni, tikisa sana, iache saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Kama tope lina kimo cha zaidi ya sehemu 8 kwa 100 za mchanga, ukatae au uoshwe.

Lililo kubwa kuliko yote ni kilima chenyewe. Kilima cha mchanga ni akiba ya ufukwe. Mawimbi ya kusi hukwangua mchanga na kuupeleka kwenye mafungu ya nje, na bahari ikitulia huurudisha kidogo kidogo, upepo ukaupandisha tena juu. Mwaka wa dhoruba bahari hukopa zaidi, ikakopa kutoka kwenye kilima. Mkikichota kwa lori, siku hiyo itachukua mizizi ya minazi, kisha msingi wa nyumba. Hakuna anayeweza kusema dhoruba kubwa hazifiki kwetu: Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mteja apime umbali huo kabla hujachimba msingi. Kilima kikiwa kimeshajeruhiwa, asikimbilie kupanda mvinje mbele kabisa. Mvinje hukua upesi, lakini majani yake yanayoanguka hufunika chini hata mimea midogo isiote, na bahari ikifukua mizizi mti mzima huanguka na bonge la mchanga. Mbele panda ule mtambazi wenye maua ya zambarau na jani lililogawanyika kama kwato la mbuzi. Kata vipande vya sentimita 40 kutoka pale ulipostawi, fukia vifundo viwili kwa kina cha sentimita 10, nafasi ya nusu mita, mvua za Desemba au Januari zikishashika. Weka njia moja tu ya kushukia baharini, iliyopinda, kwa sababu njia iliyonyooka huwa bomba la upepo. Mbuzi wafungwe msimu mzima wa kwanza. Wakiingia mara moja, kazi yote imepotea.

*

Tunachokoa pweza Msangamkuu. Mwenzetu alichomwa mguuni na taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, akafungwa kamba juu ya jeraha na kupakwa mkojo. Maumivu yalimtesa usiku kucha. Tufanye nini siku nyingine?

Mama, maji ya moto ndiyo dawa. Maumivu ya sumu ya taa hupungua kwa joto. Osheni damu na mchanga kwenye jeraha kwa maji safi, kisha mtumbukize mguu kwenye beseni la maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, mkiongeza ya moto kila yanapopoa. Mtu asiyechomwa ndiye apime maji kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu hahisi anapoungua. Kamba msifunge: hubakiza sumu na kuua nyama mahali pamoja. Mkojo hausaidii kitu.

Kipande cha mwiba kikionekana na ni kifupi, mkitoe. Kikiwa kimezama, au jeraha liko tumboni, kifuani au shingoni, msiguse, mkimbilie hospitali. Jeraha dogo pia lifike zahanati kwa sindano ya pepopunda, na lisishonwe likafungwa kabisa, maana mwiba huacha ute na vipande ndani vinavyooza. Njia hii ya maji ya moto hufaa pia kwa samaki wa miiba ya sumu wanaojificha kwenye mawe.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Mnapopita kwenye mchanga wenye maji ya magoti msinyanyue miguu, iburuzeni. Taa hulala amejifunika mchanga, macho tu yako nje. Akisukumwa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni hupiga mkia. Fimbo ya kuchokolea itangulie mguu.

*

Natoka Tandahimba na napenda ndege. Msimbati na mdomo wa Ruvuma nitaona nini, na mwezi gani?

Njoo kati ya Oktoba na Machi, wakati ndege wa kaskazini ya dunia wamehamia kwetu. Utaona vitwitwi wa kila namna, sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama patasi ambaye chakula chake ni kaa. Huyo huzaliana kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na Uarabuni, ambako huchimba mashimo mchangani, na huku kwetu huja kula tu. Maji yakiwa yamekupwa ndege wametawanyika mbali na utaona nukta. Kaa mahali saa mbili kabla ya maji kujaa, uwe umetulia tayari. Kadiri mchanga unavyopungua ndivyo bahari inavyowasogeza kwako kundi zima. Ukiona wameacha kula na wananyoosha shingo, umekaribia mno, rudi hatua kadhaa. Ndege aliyerushwa mara tano kwa siku anatumia mafuta ya safari yake.

Kwenye mdomo wa mto usiende bila mwenyeji wa hapo. Kuna viboko na mamba, na njia za viboko kati ya maji na majani hazipitwi jioni wala alfajiri. Ukitaka nyangumi, hao ni wa Julai hadi Oktoba, wanapita na watoto. Mwambie nahodha akae umbali wa mita 100, asikate mbele yao, na nyangumi wakimsogelea wenyewe atoe gia injini ikibaki inaunguruma taratibu, ili wajue mashua ilipo.